Je, Wajua? Vichocheo, Mipira ya Mbao na Ganda la Korosho

Je, wajua kwamba kemia ya vichocheo unaweza kuionja leo hii mezani? Mega tonge la ugali, usichovye mchuzi, ulitafune polepole kwa dakika nzima kabla ya kumeza. Litaanza kuwa tamu. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata minyororo mirefu ya wanga na kuacha sukari. Kimeng'enya ni kichocheo cha mwilini: huharakisha badiliko la kikemia, chenyewe kikabaki kama kilivyokuwa, tayari kwa kazi inayofuata.

Wajua kwamba kichocheo hakiwezi kulazimisha lisilowezekana? Vitu viwili visivyoungana kwa asili yao havitaungana hata uvipe kichocheo cha bei gani. Kinachofanywa na kichocheo ni kupunguza nguvu inayohitajika ili badiliko lianze. Kwa hiyo kilichohitaji tanuri kali huweza kufanyika kwa joto la chini, na kilichohitaji miaka huisha kwa dakika.

Wajua kwamba mwaka 1823, kabla kiberiti cha kusugua hakijaingia sokoni, profesa wa Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, alikuwa tayari anawasha moto bila cheche? Johann Wolfgang Döbereiner alipuliza haidrojeni juu ya platini yenye vitundu kama sponji, na gesi ikashika moto yenyewe. Akaunda kiwashio kwa kanuni hiyo, kikauzwa na kutumika majumbani Ulaya kwa miaka mingi.

Wajua kwamba mwanamke alikuwa ameliona jambo hilo la vichocheo mapema zaidi? Elizabeth Fulhame alichapisha kitabu London mwaka 1794, akionyesha kwamba maji huweza kuingia katika badiliko la kikemia, kuliwezesha, kisha kurudi kuwa maji mwishoni. Mwanakemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, ndiye aliyelipa jambo hilo jina, mwaka 1835. Jina la Berzelius hutajwa darasani kila mwaka. La Fulhame ni nadra kulisikia, nami naona ni haki litajwe kwanza.

Wajua kwamba mbolea ya kukuzia unayomwagia mahindi yakifika magotini ilianzia kwenye meza ya maabara ya chuo? Hewa tunayovuta ina naitrojeni takriban asilimia 78, lakini mmea wa mahindi hauwezi kuitumia, kwa sababu atomu mbili za naitrojeni hushikana kwa kifungo kigumu kupita karibu vyote vijulikanavyo. Mwaka 1909, katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, Fritz Haber na msaidizi wake Mwingereza, Robert Le Rossignol, walipitisha naitrojeni na haidrojeni juu ya metali iitwayo osmi kwa joto kali na mgandamizo mkubwa sana, na amonia, ambayo ndiyo chanzo cha mbolea hiyo, ikaanza kudondoka tone kwa tone. Tatizo likawa osmi yenyewe: hapakuwa na ya kutosha duniani kwa ajili ya kiwanda.

Hapo ndipo kazi ya kuchosha ilipoanza, na ndiyo inayonivutia zaidi katika kisa hiki. Alwin Mittasch, mwanakemia wa kampuni ya BASF, alisimamia maelfu ya majaribio akitafuta kitu cha bei nafuu. Chuma safi kilifanya kazi ovyo. Lakini madini fulani ya chuma kutoka Sweden yalifanya vizuri ajabu, na alipochunguza sababu akagundua kwamba siri ilikuwa katika uchafu uliochanganyika nayo. Mwishowe mchanganyiko ukawa chuma chenye chembe za oksidi ya alumini na potasi, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kuzalisha. Zaidi ya karne imepita, na viwanda vingi vya amonia bado hutumia vichocheo vya ukoo huohuo. Kwa makadirio ya wanasayansi, karibu nusu ya naitrojeni iliyo katika miili ya binadamu wa leo imepitia katika mitambo ya aina hiyo.

Wajua kwamba ilichukua miongo mingi kueleza kwa hakika jinsi chuma hicho kinavyofanya kazi? Gerhard Ertl wa Ujerumani alionyesha, hatua kwa hatua, kwamba molekuli ya naitrojeni hutua juu ya uso wa chuma, ikapasuka katikati, kisha atomu zake zikapokea haidrojeni moja baada ya nyingine. Hatua ya kupasuka ndiyo ya polepole kuliko zote. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007, na ilitangazwa siku aliyotimiza miaka 71.

Na wajua kwamba Haber huyohuyo ndiye aliyesimamia gesi ya klorini iliyoachiliwa dhidi ya wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915? Mkewe, Clara Immerwahr, mwanamke mwenye shahada ya udaktari katika kemia, alijiua siku chache baadaye. Wanaosimulia habari za mbolea wanapaswa kuisimulia na hii.

Wajua kwamba baadhi ya mafuta ya kupikia yanayoganda kwenye kopo ni matunda ya nikeli? Paul Sabatier wa Chuo Kikuu cha Toulouse, Ufaransa, aligundua kwamba unga laini wa nikeli huweza kuingiza haidrojeni katika molekuli za kaboni. Akapata Nobel mwaka 1912. Mafuta ya maji yakipokea haidrojeni huwa mazito na hukaa muda mrefu bila kuchacha. Kazi hiyo ikiishia njiani huacha mafuta ya trans, yale ambayo madaktari wa moyo hutuonya tuyaepuke.

Wajua kwamba dumu la lita 20 na kiroba cha mchele ni ndugu? Kabla ya 1953, kutengeneza plastiki kwa gesi ya ethilini kulihitaji mgandamizo wa zaidi ya mara 1,000 ya ule wa hewa ya kawaida. Mwaka huo, katika taasisi ya Max Planck iliyoko Mülheim, kundi la Karl Ziegler lilishangaa kuona badiliko la ethilini likikatika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Walitafuta chanzo wakakikuta: mabaki madogo mno ya nikeli ndani ya chombo cha chuma. Wengine wangekisugua chombo na kuendelea. Wao waliuliza, kama nikeli inafanya hivi, je, metali nyingine zitafanya nini? Wakazijaribu, na walipofika kwenye titani plastiki ikatokea kwa mgandamizo wa kawaida. Mwaka uliofuata Giulio Natta, profesa wa chuo cha Politecnico cha Milan, akatumia vichocheo vya jamii hiyo kutengeneza polipropilini, ambayo ndiyo nyuzi za viroba vyetu. Wawili hao waligawana Nobel mwaka 1963.

Wajua kwamba kichocheo hichohicho, kikizidishwa mara elfu, kiliipa dunia plastiki inayopitisha umeme? Ilikuwa 1967, Tokyo. Mtafiti mgeni katika maabara aliyokuwamo Hideki Shirakawa alitia kichocheo mara elfu moja ya kipimo. Badala ya unga mweusi uliozoeleka, juu ya kimiminika pakatanda utando unaong'aa kama fedha. Hawakuutupa. Shirakawa aliendelea kuuchunguza kwa miaka, hadi Alan MacDiarmid wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alipozuru Japani, akausikia, akamwalika Marekani. Huko, pamoja na Alan Heeger, waliupitishia mvuke wa iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara milioni kumi. Walichapisha matokeo mwaka 1977, wakapata Nobel mwaka 2000. Kabla ya hapo kila mwalimu wa fizikia alifundisha kwamba plastiki huzuia umeme, ndiyo maana nyaya huvishwa plastiki.

Wajua kwamba Akira Suzuki wa Chuo Kikuu cha Hokkaido hakuchukua hataza ya ugunduzi wake? Mbinu yake ya kuunganisha kaboni kwa kaboni kwa msaada wa paladi hutumika kutengeneza dawa na vioo vya runinga, na iko wazi kwa yeyote. Alipata Nobel mwaka 2010, pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi.

Wajua kwamba Nobel ya Kemia ya 2025 ina mizizi katika mipira ya mbao? Mwaka 1974 Richard Robson alikuwa anaandaa somo katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Alitaka wanafunzi waunde vielelezo vya molekuli kwa mipira na vijiti, kwa hiyo ilimbidi aonyeshe fundi wa karakana ya chuo mahali pa kutoboa kila mpira. Matundu hayakuweza kutobolewa popote, kwa kuwa atomu ya kaboni hushikana na wenzake kwa pembe fulani, ya naitrojeni kwa pembe nyingine. Mipira iliporudi akaona kwamba umbo zima la molekuli lilikuwa limeshaamuliwa na mahali palipotobolewa. Akajiuliza itakuwaje akitumia molekuli halisi badala ya mipira, zijipange zenyewe. Wazo hilo lilikaa naye zaidi ya miaka kumi kabla hajalijaribu, na mwaka 1989 alichapisha fuwele ya shaba na molekuli yenye mikono minne, ndani yake nafasi tupu kubwa. Fuwele hizo zilikuwa dhaifu, zikibomoka upesi, na wapo waliosema hazina kazi.

Susumu Kitagawa wa Kyoto na Omar Yaghi, ambaye leo yuko Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, wote wawili walioshinda tuzo hiyo pamoja na Robson, wakazifanya ziwe imara. Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina iliyobanana katika chumba kimoja pamoja na mifugo. Mwaka 1999 alitoa fuwele iitwayo MOF-5, isiyobomoka hata ikipashwa joto la nyuzi 300. Baadaye kundi lake lilipeleka fuwele za jamii hiyo katika jangwa la Arizona: usiku zikanyonya unyevu wa hewani, mchana jua likazipasha, na maji ya kunywa yakatoka. Maji yaliyotoka yalikuwa machache, lakini palikuwa jangwani. Mtu aliyekulia mahali maji ya bomba hayapatikani kila siku anajua uzito wa jambo hilo.

Wajua ukubwa wa nafasi iliyo ndani ya fuwele hizo? Pima gramu moja tu, chini ya robo ya kijiko cha sukari kilichojaa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitangaza fuwele ya aina hii ambayo gramu yake moja, ukijumlisha kuta zote za vitundu vyake, ina eneo la mita za mraba 7,140. Uwanja wa soka wa kimataifa, mita 105 kwa 68, una mita za mraba 7,140 vilevile.

Wajua kwamba simu iliyo mkononi mwako ina historia inayounganisha Oxford na Kolwezi? Mwaka 1980, katika maabara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Oxford, kundi la John Goodenough lilionyesha kwamba oksidi ya kobalti na lithi huweza kuhifadhi umeme mwingi katika betri ndogo. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991. Goodenough alipewa Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97, na hakuna aliyewahi kuipokea kwa umri mkubwa zaidi. Kobalti yenyewe, zaidi ya theluthi mbili ya inayochimbwa duniani, hutoka Kongo, katika ardhi ya Katanga ya zamani, uliko mji wa Kolwezi, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya mgodi. Wachimbaji wadogo wa huko hushuka katika mashimo wanayoyachimba kwa sururu, na wengi wamefukiwa humo. Anayechaji simu kila usiku ana deni kwao.

Wajua kwamba mchanga wa Kwale una uhusiano na ndoto ya kupata haidrojeni kwa nguvu ya jua? Mwaka 1967 Akira Fujishima, akiwa bado mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Tokyo chini ya Kenichi Honda, alitumbukiza fuwele ya oksidi ya titani ndani ya maji, akaimulika, akaona mapovu. Mwanga ulikuwa unapasua maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Makala yao ya 1972 bado hurejelewa na kila anayefanya utafiti wa eneo hili. Titani hiyohiyo ndiyo iliyokuwa katika madini yaliyochimbwa Kwale, pwani ya Kenya, kuanzia 2013 hadi 2024, yakapakiwa melini Likoni. Sehemu kubwa ya madini ya titani duniani huishia kuwa rangi nyeupe, kama ile ya kuta.

Wajua kwa nini petroli ya risasi ilibidi iondoke? Sababu ya kwanza ni ubongo wa watoto, ambao risasi huudhuru hata kwa kiasi kidogo. Sababu ya pili ni ya kikemia. Katika bomba la moshi la gari mna kifaa ambacho mafundi wengi hukiita masega, na kuta zake zimepakwa platini, paladi na rodi. Moshi wenye sumu ukipita humo, monoksidi ya kaboni hugeuka dioksidi, na oksidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Risasi hufunika uso wa metali hizo, na kichocheo kikifunikwa hakifanyi kitu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikomesha petroli ya risasi ilipoanza 2006. Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likatangaza habari hiyo kutoka makao yake Nairobi.

Wajua kwamba jinzi zilizofifishwa rangi kiwandani zina uhusiano na maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa? Maji ya maziwa hayo huchoma ngozi, lakini wamo vijidudu wanaostawi humo, na vimeng'enya vyao huvumilia magadi ambayo yangeharibu vimeng'enya vingine. Mwaka 1992 watafiti kutoka chuo kikuu cha Uingereza walichukua sampuli Kenya. Vimeng'enya vilivyotokana nazo vikafika viwandani, kwenye kazi ya kulainisha na kufifisha jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likajitokeza kudai mgao. Tangu 2014 inatumika Itifaki ya Nagoya, inayotaka nchi yenye kiumbe ipate sehemu ya faida. Ilistahili kuwapo tangu zamani.

Wajua kwamba mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, mwaka 2015, ni Mtanzania? Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, Arusha, aliunganisha chujio la mchanga la kawaida na chembe ndogo mno zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Mchanga huzuia uchafu mkubwa na vijidudu, chembe hizo hunasa madini kama floraidi. Kwa watu wa Arusha na Meru floraidi inaonekana wazi: ni yale madoa ya kahawia kwenye meno.

Na korosho? Anayezibangua anajua kwamba ganda lina mafuta meusi yanayochoma. Korosho mbichi ikitiwa motoni hufoka na kurusha cheche, na wabanguaji hupaka majivu au mafuta mikononi ili ngozi isichunike. Wajua kwamba mafuta hayo ni hazina kwa wanakemia? Yakipashwa joto hutoa kadanoli, molekuli yenye kichwa cha fenoli na mkia wa kaboni 15. Ni nadra maumbile kukupa molekuli iliyokwisha kuundwa kiasi hicho, tena ndani ya takataka. Pedi za breki za magari zimekuwa zikitiwa mafuta hayo kwa miaka mingi, kwa kuwa huvumilia joto la msuguano.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, na wenzao wa Kaiserslautern, Ujerumani, walitumia vichocheo vya paladi na rutheni kuufupisha ule mkia. Walichopata ni fenoli zenye mkia mfupi wa kaboni mbili au tatu, na hizo zimo pia katika mkojo wa ng'ombe. Mbung'o huifuata harufu hiyo kutoka mbali. Ukiiweka kwenye mtego, mbung'o huja wenyewe, na ng'ombe na mchungaji wakaepukana na magonjwa ya ndorobo na malale.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeyafanyia mafuta hayo kazi nyingine, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Katika makala iliyochapishwa mwaka 2011, wanakemia wake waliyatumia kama kiolezo. Molekuli za mafuta zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo zikiwa majini hujikusanya katika vifungu. Silika, yaani kile ambacho mchanga wa ufukweni umejaa, ikaachwa igande kuvizunguka vifungu hivyo. Mafuta yakaoshwa, vikabaki vitundu vya ukubwa uliotakiwa. Ndani ya vitundu wakaweka invatesi, kimeng'enya kinachopasua sukari ya mezani kuwa glukosi na fruktosi. Kikiwa huru majini, kimeng'enya hutumika mara moja kikapotelea humo. Kikishikizwa kwenye silika unakichuja, unakirudisha kazini.